Mvua ilitukuta Mtae: tungeshuka au tungerudi?

Swali: "Shikamoo fundi. Mwezi uliopita, Novemba, tulikwenda Usambara wanne na baiskeli za milimani, safari ya siku tatu. Siku ya kwanza tulitoka Lushoto hadi Mtae kwa barabara ya magari, kupitia Magamba na Lukozi, tukafika salama. Siku ya pili tulipanga kushuka kwa njia ya miguu hadi tambarare ya Mkomazi, kisha tufuate chini hadi Mombo. Usiku ule mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Mwenyeji wetu akasema tusishuke, kunateleza. Tukangoja pakauke hadi saa 5, tukabadili: turudi kwa vijia vya Rangwi, maana kwenye ramani ya simu vilionekana vifupi kuliko barabara. Huko ndiko tulikoumbuka. Tope lilishika magurudumu hadi yakagoma kuzunguka, gia ya nyuma ya mmoja wetu ikavunjika, kijito tukakikuta kimejaa, mvua ikarudi saa 9, na mwenzetu mwingine akatetemeka hadi akashindwa kufunga zipu ya koti. Tulifika barabarani usiku, tukabebwa na fuso la kabichi. Sasa kundi limegawanyika. Mmoja anasema kosa ni kubadili njia: tungeshuka kama tulivyopanga, chini kulikuwa kukavu, tulikuona kwa macho. Mwingine anasema kosa ni tairi. Tunataka kurudi Aprili. Nani yuko sahihi na tufanyeje? Halafu yule aliyetetemeka, kidole cha mwisho na cha pete vya mkono wa kushoto vinamfa ganzi hadi leo, wiki ya pili. Ni ile baridi?"

Marahaba, mdogo wangu. Poleni nyote, na huyo wa vidole mpe pole ya peke yake. Nitamfikia mwishoni, kwa sababu shida yake sidhani kama imetokana na baridi.

Nimeongoza watu kwa baiskeli kwenye milima hii kwa miaka mingi, na nisipokuwa njiani niko kibandani natengeneza baiskeli walizorudi nazo. Kwa hiyo kisa chenu nimekiona kikitokea, na nimekiona pia kikiletwa kwangu Jumatatu asubuhi ndani ya gunia. Umeuliza maswali kadhaa, lakini naona linalowakereketa hasa ni hili la kugeuza. Mnaona kama mlishindwa. Basi tulimalize hilo kwanza.

Tarehe 26 Julai 2019, kwenye Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, Egan Bernal wa Colombia alikuwa ameshapita kilele cha Col de l'Iseran, mita 2,770 juu ya usawa wa bahari, yuko mbele peke yake anashuka, akaambiwa asimame. Huko mbele mvua ya mawe ilikuwa imefunika barabara na udongo umeporomoka. Mbio zikakatwa hapo hapo, muda ukahesabiwa pale kileleni, na Bernal akavaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio zote, siku ambayo hakuna aliyeimaliza. Kesho yake hatua ya kilomita 130 ikapunguzwa hadi 59. Hao ni watu wanaolipwa kuendesha, wana magari ya msaada nyuma na madaktari juu ya pikipiki, na barabara yenyewe ni ya lami. Ninyi mlikuwa wanne na pampu moja. Anayesema mliogopa mwambie aje tuongee.

Kwa hiyo kugeuza ilikuwa sawa, na mwenyeji wenu aliwaokoa. Mlipokosea ni kwenye mlichokichukua badala yake. Mliacha njia msiyoijua mkaingia njia nyingine msiyoijua, yenye udongo ule ule na mvua ile ile, mkaingia saa 5 mchana, na sababu pekee mliyokuwa nayo ni kwamba kwenye simu ilikuwa fupi. Barabara mliyokuja nayo jana yake, ambayo kila kona yake mliijua, mkaiona ndefu. Nadhani mliiona pia haina ladha, kurudi kule kule. Nakuelewa kabisa, hata mimi ujanani nilikuwa hivyo.

Sasa tuongee udongo, maana hapa ndipo siku yenu ilipoharibikia, na ndipo wengi wanapokosea.

Sehemu kubwa ya vijia vya huku juu ni udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi. Mfinyanzi si sawa na mchanga. Punje ya mchanga ni kama kokoto ndogo: maji hupita katikati yake yakaenda zake. Chembe za mfinyanzi ni bapa na ndogo mno, zimelaliana kama sahani kabatini, na kila moja inashika utando wa maji. Maji yakiwa mengi, sahani hizo huteleza moja juu ya nyingine, ndiyo ule utelezi unaokulaza chini hata ukiwa unatembea. Yakipungua kidogo, utando unakuwa mwembamba na unazivuta sahani zishikane zenyewe kwa zenyewe, na pia zishikane na chochote kinachozigusa: tairi, kiatu, jembe. Yakipungua zaidi, udongo unavunjika vipande na hapo unapitika.

Sasa angalia saa zenu. Mvua imekatika alfajiri. Mngeondoka saa 1 mngekuta utelezi, mngeanguka mara mbili tatu, mngeona hapafai na mngerudi mapema. Mlingoja hadi saa 5 mkidhani mnapapa nafasi pakauke. Kumbe mlikuwa mnapangoja pafike kwenye unato. Jua la saa nne tano halikaushi kijia kilichonyeshewa usiku kucha, hasa kwenye vivuli na migombani. Linakitoa kwenye uji na kukiweka kwenye ugali. Na ugali, kama ujuavyo, hushika mwiko.

Kuna kipimo ninachokitumia, na hakihitaji simu. Chota udongo wa njia yenyewe, usiwe wa pembeni kwenye majani. Uviringishe katikati ya viganja uwe kama kalamu, kisha mwembamba zaidi, kama kijiti cha kiberiti. Ukikatika-katika kabla hujafika hapo, endesha. Ukikubali kuwa kijiti kizuri bila kupasuka, huo ndio unaonata, na mita mia mbili mbele utakuwa unabeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba. Ukichuruzika katikati ya vidole, unateleza: hapo hautajaza magurudumu sana lakini kwenye mteremko utakuangusha. Fanya hivyo mahali pa wazi, halafu rudia kwenye kivuli, kwa sababu kijia kimoja huwa na udongo wa hali mbili au tatu.

Barabara ya magari nayo sehemu kubwa ni ya udongo, utasema. Ndiyo, lakini imeshindiliwa, imemwagiwa kifusi chenye kokoto, ina mgongo katikati na mitaro pembeni, kwa hiyo maji hayalali pale. Itawachafua, na kuna kona zitakazoteleza, lakini magurudumu yanazunguka. Na la muhimu kuliko yote, fuso hupita. Fikiria mngevunjikiwa na gia barabarani saa 7 mchana badala ya kijiani. Mngekula mahindi ya kuchoma mkisubiri lifti.

Nije kwa ndugu yetu wa tairi. Ana nusu ya ukweli. Tairi zenye meno yaliyoachana zinashika vizuri kwenye majani na tope jepesi, na kupunguza upepo kidogo kunasaidia kwenye mawe na mizizi iliyolowa, kwa sababu tairi linajikunja likafuata umbo la jiwe. Kwenye mfinyanzi unaonata, hayo yote hayasaidii. Tena tairi pana ndilo baya zaidi. Geuza baiskeli zenu mtazame nafasi iliyopo kati ya tairi na foki, na kule nyuma kati ya tairi na fremu. Mara nyingi ni upana wa kidole kimoja, kwingine hakipiti hata kidole. Gurudumu linajivika tope kila mzunguko, tope linaokota majani na vijiti, vinachanganyika kama udongo na nyasi za kukandikia nyumba, na baada ya muda mfupi nafasi imezibwa. Ukinunua tairi pana zaidi, unaiziba mapema zaidi. Madigadi ndiyo usiseme, vueni kabla ya kuondoka.

Ile gia iliyovunjika nayo nitaieleza, maana najua mwenye baiskeli anaona kauziwa kitu feki. Ule mkono wa gia wa nyuma umefungwa kwenye kipande kidogo cha aluminiamu, mafundi wengi tunakiita hanga. Kimetengenezwa kiwe laini makusudi, ili mkono ukinaswa kivunjike chenyewe, fremu ipone. Kilichotokea ni kwamba cheni ilileta tope na majani kwenye vile vigurudumu viwili vidogo, vikakwama, mwenzenu akasikia krrr, akadhani ni uchafu tu akakanyaga pedali kwa nguvu zaidi. Cheni haikuwa na pa kwenda, ikauvuta mkono ukaingia kwenye spoki. Sauti ya pili aliyoisikia ndiyo bei ya hanga. Mkisikia ile sauti ya kwanza, shuka. Usikanyage hata nusu duara. Toa tope kwa kijiti, na njia ikizidi kunata, beba.

Hanga za akiba zinauzwa, lakini zina maumbo mengi, ya baiskeli hii haiingii kwenye ile. Kila mmoja anunue ya kwake kabla ya safari, aifungie kwa utepe chini ya siti. Na chukueni kifaa cha kukatia cheni, ni kidogo kama ufunguo wa kabati. Hanga ikivunjika unautoa mkono wote, unakata cheni iwe fupi, unaifunga kwenye gia moja ya katikati ambayo cheni inakaa imenyooka, na unaendelea taratibu kama baiskeli ya muuza maziwa. Jifunzeni nyumbani, kwenye baraza, siku ya jua. Kujifunza kukata cheni kwa mara ya kwanza kwenye mvua ndiko kulikomtetemesha mwenzenu, nami hapo nabahatisha kidogo lakini sidhani nimekosea: bila shaka mlisimama muda mrefu kwenye hiyo gia?

Mtu anayekanyaga pedali kupanda mlima ni jiko. Hata akilowa, anatoa joto la kumtosha. Akisimama, jiko linazimika lakini nguo bado zimelowa, na maji yanayokauka mwilini yanaondoka na joto lake. Ongeza upepo wa ukingoni. Ongeza kwamba huku juu ni baridi kuliko chini: hesabu ya kawaida ni kama nyuzi 6 zinapungua kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo kati ya Mombo kule chini na kijiji cha Mambo, jirani na Mtae, pale karibu mita 1,900, tofauti ni nyuzi 9 hivi. Watu wa Tanga na Dar huwa hawaamini kwamba mtu anaweza kupata hatari ya baridi Tanzania bila kwenda Kilimanjaro. Haihitaji barafu. Inahitaji fulana ya pamba iliyolowa, upepo, njaa na kusimama. Aliye mwembamba ndiye hutangulia.

Kutetemeka kwenyewe ni mwili unajipasha. Dalili ya kuangalia ni vidole kutotii, na ile zipu ilikuwa inawaambia. Pale mngepaswa kuacha gia kabisa, kumtoa kwenye upepo, kumvua vilivyolowa, kumvisha kitu kikavu hata kama ni koti la mwingine, kumfunika na turubai au mfuko mkubwa wa plastiki, na kumpa kitu kitamu ale. Chai ya moto yenye sukari kama ipo na anameza vizuri. Pombe hapana, hata kama wazee wa kijijini wanakusihi: inafungua mishipa ya ngozini, mtu anajisikia joto kumbe ndilo linatoka. Na mkiona mtu aliyekuwa anatetemeka ameacha ilhali bado ana baridi, anaongea kama mlevi, anasinzia au anasema aachwe akae tu, safari imekwisha. Huyo ni wa kupelekwa hospitali kwa chombo chochote kitakachopita, akiwa amelazwa na kufunikwa, bila kutembezwa.

Sasa yule rafiki anayesema chini kulikuwa kukavu. Kweli kulikuwa kukavu, wala hakuota. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga milima hii, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unaangusha maji. Ukishavuka hadi ukingo wa Mtae umeshatua mzigo, ndiyo maana Mkomazi ni nchi ya miiba na vumbi wakati huku nyuma watu wanavuna kabichi. Kwa hiyo mnasimama Mtae mmeloana, mnatazama chini jua linawaka. Picha hiyo imedanganya wengi.

Imedanganya kwa sababu hamruki kama kipanga. Kati yenu na lile jua kuna ule mteremko, na ndio ulionyeshewa usiku kucha. Njia za miguu za kushuka pale zimechongwa na watu wanaobeba mizigo kichwani. Zina ngazi za mawe, zina mizizi, na kwingine upande mmoja ni hewa. Mkiwa na breki za rimu, maji yanaweka utando kati ya mpira na chuma, unavuta na baiskeli inaendelea kwanza kama haijakusikia. Breki za diski ni bora, lakini tope lenye mchanga linasaga pedi kama msasa. Nimewahi kuletewa pedi zilizowekwa mpya asubuhi zikawa zimeisha jioni, mwenye nazo anabisha kwamba alizinunua juzi.

Halafu kuna maji yanayosubiri huko huko kwenye jua. Mvua iliyonyesha juu inashuka kwa makorongo. Korongo la chini linaweza kuwa kavu saa 3, na saa 4 limejaa maji ya kahawia, na juu ya kichwa chako hakuna hata wingu. Maji yaendayo kasi si ya kupimwa kwa kina peke yake. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya kusukuma inakuwa mara nne. Maji ya magotini yanayokimbia humwangusha mtu mzima, na baiskeli ubavuni mwake ni kama tanga.

Kile kijito chenu cha Rangwi, mlifanyaje? Hukusema, na kwa kuwa uko hai kuniandikia sitauliza sana. Sheria yangu ni fupi: nisipoona chini, sivuki. Yakipita goti, sivuki. Vijito vya huku juu vina uzuri mmoja, vinajaa upesi na kupungua upesi, kwa sababu eneo linalovilisha ni dogo. Saa mbili tatu za kungoja, mvua ikiwa imekatika, mara nyingi zinatosha kukuonyesha mawe. Chomeka kijiti ukingoni pale maji yanapoishia, kaa chini, kula. Kikiwa kinaachwa mkavu, ngoja. Kikimezwa, geuza. Lakini ili uweze kungoja saa tatu lazima uwe nazo, na ninyi mlianza saa 5. Huku giza linaingia karibu saa 12 na nusu mwaka mzima, na mabondeni jua hupotea mapema zaidi. Kikundi changu kikiwa kijiani na saa 8 mchana hakijaona barabara wala kijiji cha kulala, hatuendelei mbele kwa matumaini.

Jambo moja zaidi kuhusu kuuliza njia, maana najua mliuliza na mkaambiwa "inapitika". Hilo neno lina mtego. Mama aliyekuja sokoni na ndoo kichwani, pekupeku, anakwambia ukweli: kwake inapitika. Uliza hivi: umepita mwenyewe leo? Saa ngapi? Pikipiki inapita? Vijana wa bodaboda ndio ramani ya kweli ya siku hiyo. Wakisema leo hawaendi huko hata kwa nauli mara mbili, huna haja ya kuuliza mtu wa pili. Na tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisomeni siku moja kabla, lakini zinahusu mkoa au ukanda mzima, hazijui kijia chako.

Mkisikia radi, hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Chini ya sekunde 30, ondokeni ukingoni, msijibanze chini ya mkaratusi uliosimama peke yake, ingieni nyumba ya mtu. Wasambaa hawafukuzi mtu mvuani. Ngojeni nusu saa baada ya mlio wa mwisho.

Basi, Aprili. Nitakuwa mkweli ingawa nami biashara naitaka: kwa safari mnayoitaka, ya vijia na kushuka hadi Mkomazi, Aprili hapana. Masika huku ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo katikati yake. Novemba mlikutana na vuli, ambayo hupumzika siku mbili tatu ikarudi. Masika hailazimiki kupumzika. Hata barabara ya lami ya Mombo hadi Lushoto, kilomita thelathini na kitu zilizochongwa kwenye jabali, huangukiwa na mawe na udongo mvua zikizidi. Kuna jambo jingine ambalo watu wa baiskeli hatupendi kulisikia: vile vijia ni barabara za wenyeji. Tairi likipita kwenye mfinyanzi uliolowa linaacha mfereji, mvua inayofuata inaufuata mfereji huo, na mwakani ni korongo dogo katikati ya njia ya watoto kwenda shule. Ninyi mmeondoka na fuso, wao wanabaki nalo.

Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipenda: vumbi, joto la wastani, udongo mgumu. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba nayo ni nzuri, ila jiandaeni na baridi na ukungu wa asubuhi, na manyunyu ya hapa na pale yanayofanya mizizi ya msitu wa Magamba iteleze hata siku ambayo hukuona mvua. Mkiniuliza nichague moja, nitasema Februari.

Kama likizo zenu ni Aprili na hazihamishiki, basi badilini aina ya safari, msibadili njia tu. Kaeni Lushoto, kila siku mtoke na kurudi. Irente asubuhi, Soni kwa lami, Magamba hadi Lukozi kwa barabara ya magari kama bodaboda zinapita, na mgeuze pale mtakapochoka au mtakapolowa. Utamu wa kutoka na kurudi ni kwamba njia ya kurudia umeshaiona. Mtae mwende kwa basi, mkaangalie Mkomazi mkiwa na kikombe mkononi.

Na mwezi wowote mtakaokuja, njia mbadala ichagueni usiku wa kuamkia safari, mkiwa mmeshiba na nguo ni kavu. Andikeni: tukikuta udongo unanata, tunarudi kwa barabara ile. Tukifika pale baada ya saa fulani, tunalala. Mbadala uwe rahisi kuliko njia ya kwanza kwa udongo, kwa maji na kwa msaada, hata kama ni mrefu mara mbili. Mkubaliane pia kwamba mmoja akisema "nageuza", wote mnageuza, mjadala utafanyika kwenye supu. Mtu aliyelowa na mwenye njaa hapigi hesabu, anatafuta ufupi.

Sasa vidole. Cha mwisho na cha pete vikifa ganzi pamoja kwa mpanda baiskeli, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole cha mwisho. Unabanwa pale mtu anapoegemeza uzito wote mikononi huku kifundo kimekunjwa na usukani unatikisika, saa baada ya saa. Si baridi, baridi ingeshika ncha za vidole vyote, tena mikono yote miwili. Kwa kawaida hupona yenyewe ndani ya siku kadhaa hadi wiki kadhaa mtu akipumzika. Kwa sasa asiguse baiskeli, asiegemee kiwiko mezani, na alale kifundo kikiwa kimenyooka.

Ila wiki ya pili imeshaingia, kwa hiyo mpime jioni hii. Mpe karatasi aibane kati ya kidole cha mwisho na cha pete, vidole vimenyooka, wewe uivute. Kisha mkono wa pili. Kama kushoto inachomoka bila kazi, au anashindwa kutanua vidole, au nyama iliyo kati ya gumba na shahada imeanza kubonyea, aende hospitali wiki hii aonwe na daktari wa mifupa au wa mishipa ya fahamu. Hata kama nguvu ipo sawa, ganzi isipoanza kupungua siku chache zijazo, aende tu. Mshipa uliobanwa muda mrefu huchelewa kurudi. Na kama alianguka akachubuka kwenye lile tope, mwulize chanjo ya pepopunda alipata lini.

Halafu ile breki ya mkono wa kushoto, mwambie aivute taratibu atazame pedi. Nashuku iliisha njiani, akawa anaivuta kwa nguvu zake zote kutwa nzima bila kujua. Mkija, aje nayo niifungue.